Bi Mkubwa Kaogeshwa Mara Mbili

Wenye presha kaeni chini kwanza. Kile kisu tulichokiacha wiki iliyopita bado kiko palepale, vidole viwili kutoka kwenye koo la Bi Mkubwa. Na mkono uliokishika ni wa Mchinjaji Haraka, mtu ambaye akisikia ng'ombe kapiga chafya tu, yeye ameshafika na kulabu begani.

Na wewe uliyelikuta gazeti hili limefungiwa sabuni, usihangaike, nakupa kwa kifupi. Bi Mkubwa ni ng'ombe wa maziwa, mweupe mwenye mabaka meusi, mmoja tu katika nyumba hii. Amelala ubavu katikati ya ua, anatetemeka, mate yanamtoka kama kamba.

Baba na Mama wa nyumba hii hawasemeshani, huu mwezi wa tatu. Walianza kwa ugomvi wa nani aliacha geti wazi ng'ombe akala miche ya bustani, hakuna aliyekubali, basi midomo ikafungwa. Tangu siku hiyo wanaongea kupitia Bi Mkubwa. Baba akikosa chumvi kwenye mboga, anasimama zizini na kusema kwa sauti ya kufika jikoni, "Bi Mkubwa, kuna watu humu wamesahau chumvi." Mama naye anajibu akiwa dirishani, "Bi Mkubwa, mwambie mlalamikaji kwamba chumvi haina miguu, ila yeye anayo."

Na Mama ameshaapa mbele ya wote. "Siku ng'ombe huyu akifa, nafunga mzigo wangu. Siwezi kukaa nyumba isiyo na mtu wa kuongea naye."

Ndiyo maana binti yao alikuja mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Binti ni daktari wa mifugo, leseni yake ina miezi minne, na mtaa mzima unamwita Dokta Ndoo kwa sababu vifaa vyake vyote anabeba kwenye ndoo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko.

Ndoo hiyo ndiyo aliyoisukuma katikati ya kisu na koo. Kisu kikagonga plastiki, ko.

"Toa ndoo yako, binti," Mchinjaji Haraka alisema. "Mnyama anaaga huyu. Dakika tano zijazo ni mzoga, na mzoga hauna mnunuzi."

"Toa kisu chako, mjomba. Huyu haliwi."

"Anaumwa nini?"

Ukweli ni kwamba Dokta Ndoo hakujua.

Mkononi alikuwa na chupa ya dawa ya homa ya maziwa. Ng'ombe wa maziwa akianguka ghafla, watu wengi wanaiwaza hiyo kwanza, na yeye njia nzima aliiwaza hiyohiyo. Sasa alipiga goti, akagusa pua ya Bi Mkubwa. Mbichi, inachuruzika. Machozi yanatiririka. Huko nyuma, samahani msomaji kama unakula, kinyesi kinatoka kama bomba lililopasuka. Chini ya ngozi, nyama za bega zinachezacheza zenyewe kama mfuniko wa sufuria ya maharage.

Akafunua jicho. Mboni ilikuwa imebana, imebaki mstari mwembamba kama wa kalamu.

Homa ya maziwa hukausha pua na kuipanua mboni. Hapa kila kitu kilikuwa kinyume. Kama angesukuma ile dawa ndani ya mshipa, angekuwa anatibu ugonjwa usiokuwepo huku uliopo ukimaliza kazi yake.

Simu ikalia mfukoni. Akachungulia kioo. Mama Mkwe Mtarajiwa. Jumamosi hii ukoo wa mchumba unakuja kujitambulisha, na huyo mama kwa siku anapiga mara sita kuuliza rangi ya vitambaa vya meza. Dokta Ndoo akairudisha mfukoni, ikalia mpaka ikachoka.

Akainamisha uso mgongoni kwa ng'ombe, akanusa. Harufu kali, kama kitunguu saumu kilichooza kwenye mafuta ya taa.

Chuoni alikuwa na mwalimu mmoja mwenye msemo wake: mnyama akilowa kila tundu, uliza kapakwa nini.

"Nani kamwogesha dawa ya kupe leo?"

Baba alikuwa amesimama kando ya hori, mikono nyuma. Akakohoa. Akamtazama ng'ombe.

"Bi Mkubwa," alianza, "mwambie Daktari kwamba..."

"Baba, huyu leo hapokei ujumbe. Niambie mimi."

Baba akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyenyang'anywa fimbo yake. "Mimi. Saa kumi na moja alfajiri. Kama kila Jumatano."

Mlangoni mwa jiko beseni likaanguka, likazunguka, likalala.

"Mimi nimemwogesha saa tatu," Mama alisema polepole. "Kama kila Jumatano."

Hata Mchinjaji Haraka, ambaye hajawahi kuahirisha nyama, alishusha kisu.

"Kila Jumatano?" Dokta Ndoo aliuliza. "Tangu lini?"

Wote watatu walijua hesabu. Tangu geti.

"Baba, ulichanganya vifuniko vingapi?"

"Viwili kwa bomba zima la kupulizia, kama kibandiko kinavyosema. Nikapuliza nusu, kupe walikuwa wachache. Nusu nikaiacha bombani."

"Mama?"

"Nimekuta bomba lina maji nusu. Nikajua kuna mtu kaliosha akaacha maji ndani, maana humu kuna watu hawamalizi kazi. Nikatia vifuniko vyangu viwili."

"Ukaongeza maji?"

"Ya nini? Nusu inamtosha."

Dokta Ndoo alifumba macho. Nusu bomba inatakiwa kuwa na kifuniko kimoja. Ile ilikuwa na vitatu. Dawa kali mara tatu, juu ya ngozi ambayo tayari ilishalowa dawa alfajiri.

"Si ugonjwa," alisema. "Ni sumu. Tena tumempaka wenyewe."

Akafungua ndoo, akatupa ile chupa ya kwanza, akatoa nyingine ndogo ya kahawia. Atropini, dawa ya kupoza sumu ya namna hii. Akaipandisha kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki chini kidogo ya nusu.

"Inatosha?" Baba aliuliza.

"Itabidi itoshe."

Akavaa glavu. Mkono mmoja akabana mshipa wa shingo, mkono mwingine sindano. Kiasi kidogo mshipani, kingine chini ya ngozi. Halafu akaweka mpira wa kusikilizia moyo ubavuni na kuikodolea macho saa. Moyo ulikuwa unapiga kwa uvivu, kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

"Mjomba Haraka, weka kisu. Vaa hizi glavu, shika kichwa chake kielekee chini, asije akavuta mate kwenye mapafu."

"Mimi? Mimi kichwa cha ng'ombe nakishika kwa shughuli nyingine."

"Leo jaribu hii."

Akashika, kwa uso wa mtu aliyepewa mtoto wa jirani abembeleze.

"Lakini Daktari, dawa ya kupe si inaua kupe?" aliuliza. "Imeingiaje kwa ng'ombe?"

"Kupe ana mishipa ya fahamu, ng'ombe anayo, na wewe unayo. Dawa hii haichagui." Dokta Ndoo hakutoa macho kwenye saa. "Chukua mfano wa simu. Mshipa unapotaka nyama icheze, unapiga. Nyama inapokea, inacheza. Halafu kuna kitu mwilini, kazi yake ni kukata simu tu. Sumu hii inamfunga mikono huyo mkataji. Sasa simu inaita, inaita, haikatiki. Tezi za mate zinasikia toeni mate, zinatoa. Utumbo unasikia sukuma, unasukuma. Misuli inachezeshwa mpaka inaishiwa nguvu. Ikifika zamu ya misuli ya kupumua, basi."

Simu mfukoni ikalia tena. Mama Mkwe Mtarajiwa.

"Kama hiyo yako," alisema Mchinjaji Haraka.

"Kama hiyo yangu."

"Na hiyo sindano inakata?"

"Inaziba masikio ya tezi na ya moyo, zisisikie makelele. Mkataji mwenyewe bado kafungwa. Kwa hiyo lazima sumu iliyobaki itoke kwenye ngozi sasa hivi." Akageuka. "Baba, Mama. Sabuni na maji mengi. Mmoja anamwaga, mwingine anasugua. Wote glavu na mabuti. Nguo zikilowa mnavua, mnaoga."

Baba akaenda kuchukua ndoo. Mama akaenda kuchukua ndoo. Wakarudi, wote wanamwaga, hakuna anayesugua. Baba akaona, akashika brashi. Mama naye akaona, akashika brashi. Sasa wote wanasugua, hakuna anayemwaga.

"Jamani," Dokta Ndoo alisema.

Baba akatazama kichwa cha Bi Mkubwa, mazoea hayo. Bi Mkubwa alikuwa na macho ya glasi, hana habari na mtu.

"Mwaga," Baba akasema. Sauti ilitoka na kutu.

Neno la kwanza, msomaji wangu. Miezi mitatu.

Mama hakumtazama. Alimwaga. "Wapi tena?"

"Mgongoni."

"Nimeshaona."

Dakika kumi zikapita. Kamba ya mate ikakatika, ikabaki tone, ikabaki hakuna. Moyo ukachangamka. Mchinjaji Haraka akatangaza kwamba mgonjwa kamlamba glavu, ni dalili njema, na kwamba yeye siku zote alisema ng'ombe huyu hatakufa.

Dokta Ndoo alianza kutabasamu. Afadhali angesubiri.

Mate yakarudi. Kwanza povu, halafu kamba. Pumzi ikaanza kukoroma kama jagi linalojaa. Akakimbilia chupa, akachoma dozi nyingine, na alipoinua chupa juu aliona chini yake kabisa. Chupa nyingine iko kliniki, saa nzima kwenda na kurudi.

"Mbona tumeshamwosha?" Mama aliuliza, ndoo imemganda mkononi.

Kweli, wamemwosha. Dokta Ndoo alimzunguka mgonjwa, akapita mgongo, akapita mkia, akasimama. Wamemwosha kote wanakokuona. Bi Mkubwa kalalia ubavu wa kulia. Huko chini, tumboni na kwenye kiwele, ngozi laini kuliko zote, dawa ya saa tatu bado inanyonywa kwa raha zake.

"Tumgeuze."

"Kilo mia nne hizo," Mchinjaji Haraka alisema. "Mimi nawageuza wakiwa vipande."

"Miguu ikunjwe chini ya kifua kwanza, halafu tunamviringisha. Baba bega, Mama nyonga, mjomba kichwa, mimi miguu. Lakini kwa pamoja. Mmoja akiwahi, anamvunja."

Kwa pamoja. Baba na Mama, ambao tangu geti hawajafanya kitu kwa pamoja isipokuwa kumwogesha ng'ombe sumu bila kujua.

Baba akaweka bega. Mama akaweka bega. Vichwa vyao vilikuwa hatua moja tu mbali.

"Nahesabu mimi," Baba alisema.

"Wewe unahesabu upesi. Nahesabu mimi."

"Hesabu basi."

"Moja. Mbili. Mbona umeshaanza kusukuma?"

"Nimejiandaa tu."

"Jiandae bila kusukuma. Moja, mbili, tatu."

Bi Mkubwa akaenda kama kabati. Akakaa kwa kifua, akayumba, akalala upande wa pili. Na upande aliokuwa kaulalia, tumbo lote lilikuwa linang'aa kwa dawa, harufu ikawapiga wote usoni.

Hakuna aliyesubiri kuambiwa. Mama akamwaga, Baba akasugua. "Kwapani." "Naona." "Kiweleni taratibu, si sufuria hiyo." "Naenda taratibu." Maji meupe yakawa maji ya kawaida, ndoo ya saba, ya nane, na yote Dokta Ndoo akayaelekeza kwenye shimo la taka yasifike kwa kuku.

Kisha wakakaa kumsikiliza ng'ombe akipumua. Hakuna kazi ngumu kama hiyo.

Ni Mama aliyeanza, akiongea na binti lakini macho kwa mumewe. "Hizo Jumatano nyingine zote. Mbona hakuanguka?"

"Zilikuwa dozi za kawaida maana Baba alimaliza bomba, ila mara mbili kwa wiki badala ya moja. Mwili ulikuwa unavumilia. Lakini kuvumilia si kupona." Dokta Ndoo alikuna paji la uso kwa kiwiko. "Mama, Bi Mkubwa hajaingia joto la kutaka dume tangu lini?"

"Mwezi wa tatu huu. Mpandishaji wa mbegu kaja mara mbili karudi na mirija yake."

"Na maziwa yamepungua."

"Nusu."

"Mimi nikawa nawalaumu ninyi kwamba hamumpi madini ya kutosha." Akatikisa kichwa. "Mishipa ya fahamu ni simu, si ndiyo? Homoni ni barua. Ubongo unaandika: sasa pevusha yai, sasa ingia joto. Barua inapita kwenye damu mpaka kwenye ovari. Sumu ya kidogo kidogo inaweza kuvuruga posta nzima. Barua za hofu zinaongezeka, mwili unadhani uko vitani, na barua za uzazi zinapotea njiani. Nitachukua damu kuthibitisha. Lakini ng'ombe hana kosa. Wala hajazeeka."

Aliposema hajazeeka, Mama aligeuka mzima mzima.

"Ehe. Zeeka. Hilo neno nalijua. Mwezi uliopita nilikuwa dirishani, nimesikia kwa masikio yangu: Bi Mkubwa, siku hizi umezeeka, huna faida tena."

Baba akafungua mdomo. "Nilikuwa namwambia ng'ombe."

"Miezi mitatu kila unachomwambia ng'ombe ni changu. Chumvi yangu, shati langu, mlango wangu. Hilo moja tu ndilo la ng'ombe?"

"Kweli tena. Mpandishaji alikuwa ametoka tu. Nilikuwa na uchungu na... na ng'ombe."

"Nililia wiki nzima mimi."

"Bi Mkubwa hakuniambia."

Mchinjaji Haraka alicheka mpaka akaachia kichwa cha mgonjwa. Na kichwa, msomaji wangu, hakikuanguka.

Kilibaki juu. Sikio moja likapiga nzi. Mboni ilikuwa imefunguka, duara la mviringo, jeusi, lina mwanga ndani. Bi Mkubwa akawatazama wote wanne kwa dharau ile ya siku zote, akatanguliza makalio juu kama wafanyavyo ng'ombe, akayumba, akaweka mguu wa mbele, akaweka wa pili. Akasimama.

Akapiga hatua tatu mpaka kwenye hori na kuangalia ndani kama mteja asiyeridhika.

Mama alifuta uso kwa kanga, akasema ni sabuni imemwingia. Baba naye akasema sabuni hiyo kali, hata yeye imemwingia.

"Sasa sikilizeni," Dokta Ndoo alisema. "Bado ni mgonjwa, naenda kuleta chupa nyingine na leo nalala hapa. Kuanzia sasa bomba lina mtu mmoja, na Jumatano mnaandika ukutani kwa mkaa nani kaogesha. Na mjomba, huyu nyama yake haifai mpaka mimi niseme."

"Hata kwato?"

"Hata mkia. Na maziwa vilevile, yanamwagwa. Hayanywi mtu, hayanywi ndama, hayanywi paka."

Mchinjaji Haraka akavua glavu kwa huzuni. Baba alikuwa anaokota brashi. Akasimama katikati ya kuinama, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Alfajiri kamwogesha yeye. Saa tatu kamwogesha mkewe. Na saa kumi na mbili, hapo katikati, ni saa ya kukamua.

Hakumtazama ng'ombe. Alimtazama mkewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu geti, na kumuuliza moja kwa moja kwa sauti ya upole kabisa.

"Mke wangu, maziwa ya leo asubuhi umeyapeleka wapi?"

Mama alifurahi kuitwa hivyo, unamwona kabisa anafurahi, na furaha ikamfia mdomoni. Akamgeukia binti yake.

"Lita tano zote," alisema. "Nilisema niwatangulizie zawadi, kabla ya Jumamosi. Nikapita kwa wakweo."

Mfukoni mwa Dokta Ndoo simu ilianza kulia kwa mara ya tatu.